Juu ya Neno "Initiation" na Tafsiri Zake

Katika maneno ya Kiingereza yawasumbuayo wafasiri, mojawapo ni hili, "initiation". Asili yake ni Kilatini, "initium", maana yake mwanzo. Nalo latokana na kitenzi cha kuingia. Basi mwanzo na kuingia vimo pamoja katika shina moja. Warumi walilitumia kwa kutaja ibada za siri, ambazo mtu hakuziona ila kwa kuingizwa. Wayunani waliziita ibada hizo kwa neno lililo jamaa ya neno lao la ukamilifu.

Tafsiri ya kwanza tuionayo vitabuni ni "jando na unyago". Kwa watu wa pwani na wa kusini haina kosa. Huko Masasi Askofu Vincent Lucas, aliyeshika uaskofu tangu 1926 hata 1944, alijulikana sana kwa kulitengeneza jando la Kikristo. Lakini huku Nyamahanga, katika nchi ya Ngara na Biharamulo, tafsiri hiyo haina pa kusimama. Wahangaza na Wasubi wa zamani hawakuwa na jando. Mwalimu aandikaye ubaoni kwamba kila kabila lina jando lake, amfanya mtoto wa hapa adhani wazee wake hawakuwa na mafunzo.

Jambo la huku lililo karibu zaidi na neno hili ni kubandwa, ibada iliyoenea katika nchi za Maziwa Makuu. Rwanda kwa jina la Ryangombe, Burundi kwa jina la Kiranga. Wala hiyo si jando. Jando humfanya mtoto kuwa mtu mzima. Kubandwa kulimfanya mgeni kuwa mwana wa chama, mwenye wazazi wapya na siri za kutunza. Tena Wanyarwanda walikuwa na hatua mbili: kwanza kuingizwa, kisha "kurudi kitini", yaani kuthibitishwa. Aliyeanza hakuwa amemaliza.

Tafsiri ya pili ni "kuanza" au "kujiunga". Hii nayo yapungua. Mtu hujiunga na chama cha ushirika kwa hiari yake, akatoa kiingilio, basi. Lakini tazameni vitenzi vyetu: mvulana hutahiriwa, hutiwa kumbini, msichana huchezwa unyago, mtu hubandwa, Mkristo hubatizwa. Vyote ni vya kutendwa. Lugha zetu zashuhudia kwamba hakuna ajiingizaye mwenyewe. Sharti wawepo waliotangulia, wamshike mkono. Mfasiri asemaye "kujiunga" amewafukuza wazee mlangoni.

Kwa sababu hiyo, wale wasemao "sakramenti za kuingizwa katika Ukristo" wamepata kuliko wasemao "sakramenti za mwanzo". Ni tatu: Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi, na aliyepewa jina la mwanzo tu huenda akaridhika na ya kwanza, akaziacha mbili.

Basi yafaa mfasiri aulize kwanza habari ni ya nini. Ikiwa ni ya kazi au shauri jipya, aseme kuanzisha. Ikiwa ni ya mtoto kuvuka utotoni, aseme jando au unyago, mahali vilipo. Ikiwa ni ya kupokewa miongoni mwa watu, aseme kuingizwa, wala asiiache ile "w" ya kutendwa, kwani ndani yake wamo wote waliompokea.