Nani Anafaidika na Mzimu? Kuzisoma Upya Riwaya za Bwana Msa

Katika madarasa ya itikadi na katika vikundi vya kujisomea vya makada wetu, swali moja halijapata kufungwa: je, hadithi za upelelezi zina kazi gani kwa mwanachama anayejiandaa kuutumikia umma? Diwani ya mashairi kama Sikate Tamaa ya Said Ahmed Mohamed (1980) husomwa mezani mchana, na hapana anayemwuliza msomaji anafanya nini. Hadithi fupi za Mohamed Suleiman Mohamed katika Kicheko cha Ushindi (1978) nazo huhesabiwa kuwa ni fasihi. Lakini akionekana mwanafunzi na kitabu cha Bwana Msa, hukificha chini ya dawati kama mtu aliyekutwa na karata.

Haya hiyo ina historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wahakiki wengi wa nchi yetu waliigawa hadithi ndefu ya Kiswahili mafungu mawili: ile ya dhati, inayoshughulikia matatizo ya jamii, na ile pendwa, inayouza damu, mapenzi na wasiwasi. Fungu la pili likapewa hukumu moja bila ya kesi, kwamba ni kasumba ya ubepari yenye kumsahaulisha mfanyakazi unyonyaji wake. Hukumu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, kwani vijitabu vya aina hiyo vilikuwapo na vipo. Lakini ilipomkumba Muhammed Said Abdulla pamoja na wengine wote, ilikuwa ni hukumu ya mvivu, na mimi mwenyewe niliifundisha kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi kuvisoma vitabu vyenyewe.

Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1938 alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa miaka kumi, kisha akaingia katika magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari kuanzia 1948, na katika mwongo uliofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na pia wa Afrika Kwetu, gazeti la Jumuiya ya Waafrika. Mtu aliyeketi katika vyumba hivyo viwili, wakati siasa ya Visiwani ikizidi kuchemka, aliyasikia mengi kutoka pande zote mbili. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, jarida la kilimo. Yaani Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta mezani kwa jarida la wakulima, na ugawaji wa eka tatu tatu kwa wasiokuwa na ardhi aliushuhudia akiwa hapo hapo. Alifariki mwaka 1991.

Nimeitaja kazi ya ukaguzi wa afya kwa makusudi. Mkaguzi wa afya katika Unguja ya miaka ya 1940 alikuwa ni mtu wa kuchungulia visima, vyoo na madimbwi. Mwanakijiji humwambia kwamba homa imeletwa na shetani. Yeye huinama akatazama viluwiluwi vya mbu. Nadhani ni katika kuinama huko ndiko alikozaliwa Bwana Msa, zaidi ya vitabu vya Kiingereza ambavyo wahakiki hupenda kuvitaja. Kwamba Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, wametokana na Sherlock Holmes wa Conan Doyle, ni kweli na hakuna haja ya kubishana. Lakini kuazima jembe si kuazima shamba.

Mzimu wa Watu wa Kale kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58, yaliyoendeshwa na ofisi ya vitabu ambayo serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliianzisha mwaka 1948. Kilichapishwa 1960. Tajiri mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo watu huweka nadhiri zao na ambapo hapana mtu anayekwenda bila ya hofu. Kwa wengi kesi imekwisha papo hapo. Mzimu umekasirika, na mzimu hauitwi mahakamani. Bwana Msa hashindani nao kwa kuwatukana wala kwa kuwahubiria. Anauliza maswali. Nani alimwona marehemu mara ya mwisho? Nani alijua kwamba atapita huku? Alikuwa na ugomvi na nani? Swali baada ya swali, mzimu unapungua ukubwa, na mahali pake wanatokea watu wenye majina, wenye haja na wenye siri. (Msiniulize muuaji ni nani. Someni.)

Hapa ndipo penye thamani ya kitabu kwa kada, na inafaa tupakalie kitako. Msomaji wa juu juu atasema kwamba somo ni hili: mizimu haipo. Hilo ni somo dogo, na kwa namna linavyohubiriwa na vijana wetu waliotoka vyuoni huishia kuwaudhi wazee tu. Somo kubwa zaidi ni kwamba mzimu una matumizi. Muuaji hakuwabuni mizimu. Aliwakuta tayari katika vichwa vya watu, akajificha nyuma yao kama mtu anavyojificha nyuma ya pazia la nyumba ya jirani. Imani ya wengi inakuwa silaha ya mmoja. Kwa hiyo mwenye uyakinifu hatosheki kuuliza "je, ni kweli?" Huuliza pia "nani anafaidika watu wakiamini hivyo?" Hata Conan Doyle, katika kisa chake cha mbwa wa Baskerville cha mwaka 1902, alikuwa na habari hiyo: mbwa wa kishetani aliyetisha ukoo mzima alikuwa mbwa wa kawaida, na nyuma yake alisimama mtu anayetaka urithi wa shamba. Kisima cha Giningi (1968) kinaendeleza kazi hiyo kwa kuchukua jina ambalo kila Mzanzibari alitishwa nalo utotoni, Giningi, makao ya wachawi, na kuliweka juu ya kisa ambacho kitamalizwa kwa akili.

Wako watakaosema hayo ni ya zamani. Nitawaeleza lililotokea katika darasa langu. Tulikuwa tukiijadili Mzimu wa Watu wa Kale, na mwanafunzi mmoja anayetoka upande wa Ziwa, mama mtu mzima, alikuwa kimya tangu asubuhi. Tulipofika katika swali la nani anafaidika alinyanyua mkono akasema kwamba bibi yake aliwahi kuitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale, akasema, yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini. Mpiga ramli alishamtaja, na vijana walishaanza kunoa. Mwenyekiti wa tawi, ambaye hakusoma sana, hakubishana juu ya uchawi hata kidogo. Aliuliza mpaka wa shamba la bibi unapita wapi, na ni nani aliyekwenda kwa mpiga ramli na kumlipa. Ikaonekana kwamba aliyelipa ni yule aliyepakana naye. Bibi alinusurika. "Mwenyekiti yule ndiye Bwana Msa," alisema mama huyu, na darasa zima likacheka, lakini yeye hakucheka.

Mauaji ya vikongwe kwa kisingizio cha uchawi katika mikoa ya Ziwa si hadithi. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoanza kuripotiwa kwa wingi kuanzia mwaka 2007, si hadithi. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli na waganga wa aina hiyo, lakini mwaka 2024 mkoani Kagera aliuawa tena mtoto mdogo mwenye ualbino. Kila tukio la namna hii lina mnunuzi, lina bei, na lina mtu wa kati. Kada anayesimama mkutanoni akasema "huu ni ujinga, ndugu zangu" na kuketi hajafanya lolote, kwa sababu ameushambulia mzimu na kumwacha mnunuzi. Ujinga ni mmoja wa maadui watatu tuliowatangaza tangu Uhuru, lakini ujinga huwa na bwana wake anayeulisha.

Sasa tuje upande wa pili, kwani kumsifu Abdulla bila ya kumkosoa kungekuwa ni kumvisha kanzu isiyo yake. Bwana Msa anauliza nani anafaidika, na jibu lake daima ni mtu mmoja. Swali likifika mlangoni kwa muuaji, linasimama. Mashamba ya marehemu yametoka wapi? Nani alipanda mikarafuu na minazi ile, nani alipalilia, na kwa ujira gani? Juu ya ardhi ya makabaila wa Unguja na Pemba waliishi maelfu ya wakulima wasiokuwa na haki hata ya shimo la mhogo bila ya idhini ya mwenye shamba. Katika riwaya hizi watu hao tunakutana nao zaidi wakiwa mashahidi, waoga na wenye kuchekesha, walioona kitu usiku na wakatafsiri vibaya. Uhalifu unaotuhangaisha ni wa siri za nasaba, ndoa na urithi, yaani ugomvi wa watu wenye kitu cha kurithisha. Miaka minne tu baada ya kitabu cha kwanza kutoka, utaratibu mzima wa mashamba yale ulipinduliwa, na hapana ukurasa mmoja unaokuonyesha kwamba ardhi ilikuwa ikitetemeka. Hayo yaliandikwa na mtu aliyekaa katika chumba cha habari cha Afrika Kwetu! Ofisi iliyomtuza haikuwa na sababu ya kulalamika.

Ndiyo maana mimi huwapa wanafunzi Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978) mara tu wanapomaliza Mzimu wa Watu wa Kale, bila ya kupumzika katikati. Ni kisiwa kile kile na ni shamba la aina ile ile, lakini mlango wa kuingilia ni wa banda la mtumishi. Yale ambayo kwa Abdulla yalikuwa ni mandhari, kwa Shafi ndiyo kesi yenyewe. Kisha huwaongezea Kuli (1979), inayohusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wa mwaka 1948, ili waone jinsi watu wanaoitwa mashahidi wanavyoweza kuwa waendesha mashtaka. Nakiri kwamba kwa ufundi wa mazungumzo, kwa utani na kwa Kiswahili cha kuramba vidole, Abdulla humshinda Shafi mara nyingi. Wanafunzi huliona hilo upesi, na mwalimu asijaribu kulificha kwa sababu za kiitikadi. Maudhui sahihi hayampi mtu ulimi.

Kuna wanaosema: kama ni upelelezi, kwa nini tusimchukue Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye angalau anapigana na adui wa Afrika? Hoja hii si ya kupuuzwa. Kuanzia Kufa na Kupona (1974), kisha Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981), Musiba aliyaingiza mapambano ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika katika riwaya ya kusisimua, wakati Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikiwa na makao yake Dar es Salaam. Vijana wengi waliijua sura ya kaburu kwa mara ya kwanza kupitia kurasa hizo kabla ya kuijua kwa hotuba. Siasa ya Gamba ni sahihi kuliko ya Msa. Lakini njia yake ni bastola, gari la kasi, hoteli na warembo. Adui anajulikana mapema, na kinachobaki ni kumfikia. Msomaji anafunga kitabu akiwa amesisimka na akiwa hajajifunza kuuliza hata swali moja. Msa hana siasa ya kutosha, lakini ana njia. Kwa kada wa tawi, ambaye hatapewa bastola na wala hatatumwa Kinshasa, njia ndiyo anayoihitaji kesho asubuhi.

Iko kasoro moja zaidi ambayo nimeiweka mwisho kwa kuwa inatuhusu sisi wenyewe kuliko mwandishi. Bwana Msa ni bwana. Ana nafasi, ana kiko, hana mwajiri. Anafikiri peke yake na baadaye anawakusanya watu ili awaeleze walichokuwa hawakukiona. Umma kwake ni hadhira. Makada wangapi tunafanya kazi kwa mtindo huo huo, tukifika kijijini na majibu mfukoni? Mwaka 1984 Abdulla alikiita kitabu chake Kosa la Bwana Msa, na kwa jina hilo tu alikuwa amemshusha shujaa wake ngazi moja. Mama yule wa upande wa Ziwa aliniambia baadaye, tukiwa tunatoka, kwamba nilikuwa nimemsikia vibaya katika jambo moja. Mwenyekiti wa tawi hakugundua habari ya mpaka kwa akili zake. Aliambiwa na wanawake kisimani, ambao walikuwa wakiijua siku zote na ambao hakuna aliyekuwa amewauliza.