Eti "mwalimu yule anajisikiaje?"

Naomba kuchokoza kidogo.

Hapa Uingereza shule kadhaa za msingi, mwaka wa tano na wa sita, husomesha A Kind of Spark ya Elle McNicoll (2020). Msimulizi ni Addie, binti wa miaka 11 mwenye usonji; mwandishi naye ana usonji. Riwaya inaanza na mwalimu kuichana kazi ya Addie, eti mwandiko mbaya.

Mie ni msaidizi darasani, nakaa na mtoto mwenye usonji. Likaja swali: "Mwalimu yule anajisikiaje?" Akajibu: "Siwezi kujua, anayesimulia ni Addie." Kakosa! Jibu zuri kama hilo kuhusu nafsi ya usimulizi sijalisikia hata chuo kikuu. Lakini mtihani wa kusoma wa mwaka wa sita, saa moja kwa alama 50, una maswali mengi ya kukisia, basi riwaya nzima imegeuzwa mazoezi ya mtihani.

Damian Milton, msomi mwenye usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: nasi hatuwasomi wao. Riwaya yenyewe inaonyesha hivyo. Addie na dada yake Keedie, mwenye usonji pia, wanaelewana vizuri sana. Hilo halikuulizwa. Darasa liliambiwa liorodheshe "dalili" za Addie, na mtoto yule kakaa palepale, kainamisha kichwa.

Nilitaka kusema, nikanyamaza. Msaidizi tu, tena na lafudhi ya Pemba. Walimu mliomo humu, nyie mnauliza maswali gani?