Kurt Equiluz, Mwinjili wa Bach

Mateso kadiri ya Mathayo ya Johann Sebastian Bach huchukua karibu saa 3. Ndani yake kuna kwaya mbili, okestra mbili, na waimbaji wa solo wanaosimama kila mmoja kwa zamu yake kuimba huzuni, toba na mapenzi. Lakini anayeibeba kazi yote begani hapewi wimbo wa kutafakari. Ni teno anayeitwa Mwinjili, na maneno yake ni ya Injili tu: wakamkamata, akamwambia, wakaenda zao. Katika santuri zote nilizosikiliza, sijakutana na aliyeifanya kazi hiyo kwa uaminifu kumzidi Kurt Equiluz wa Vienna.

Nafasi hiyo si ngeni kwetu. Katika parokia za Kikatoliki za Afrika Mashariki, Mateso kadiri ya Yohane yanaposomwa au kuimbwa Ijumaa Kuu, sauti hugawanywa: padri hushika maneno ya Yesu, wengine hushika ya Petro, Pilato na umati, na mmoja husimulia. Walutheri wa Ujerumani waliurithi mgawanyo huo kutoka katika ibada ya kale, na Bach akaujengea muziki mkubwa. Mateso kadiri ya Yohane yalisikika Leipzig kwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1724, na yale ya Mathayo yakafuata 1727. Kila aliyewahi kuwa msimulizi kanisani anaijua hofu ya kazi hiyo. Ukiigiza mno, watu watakutazama wewe badala ya kuitazama habari. Ukisoma kwa ubaridi, habari yenyewe itakufa.

Equiluz alizaliwa Vienna mwaka 1929. Utotoni aliimba alto katika Wiener Sängerknaben, kwaya ya wavulana ya mji huo, na alipokua akasomea uimbaji huko huko nyumbani. Mwaka 1950 aliingia kwaya ya Opera ya Taifa. Jumba lenyewe lilikuwa limebomolewa kwa mabomu mwaka 1945, na mpaka lilipofunguliwa tena mwaka 1955 kampuni hiyo ilikuwa ikiigiza katika kumbi nyingine, mojawapo ikiwa Theater an der Wien. Mwaka 1957 alitolewa kwenye kwaya akawa mwimbaji wa solo, na jukwaa hilo alidumu nalo hadi miaka ya 1980.

Huko hakuwa shujaa anayempata binti wa mfalme. Sauti yake ilikuwa nyepesi, safi, ya kupenya bila kishindo, na sauti ya namna hiyo hupewa watumishi, wajumbe na wachekeshaji. Pedrillo, mtumishi mjanja katika opera ya Mozart ya wafungwa wa kasri la Uturuki, alikuwa mmoja wa watu aliowaimba. Wako wanaoziona nafasi hizo kuwa ngazi ya chini. Mimi naziona kuwa chuo. Shujaa akipoteza neno moja ana wimbo mzima wa kujisahihisha, lakini mjumbe huingia, husema sentensi tatu juu ya okestra inayonguruma, kisha hutoka. Neno lisilosikika hapo limepotea moja kwa moja. Mtu akifanya hivyo usiku baada ya usiku kwa miaka mingi, ulimi wake hujifunza kutodondosha hata konsonanti moja.

Mwaka 1965 ujuzi huo ulikutana na mtu aliyeuhitaji. Nikolaus Harnoncourt, mpiga selo wa Vienna, alikuwa ameanzisha kundi la Concentus Musicus mwaka 1953 ili kuupiga muziki wa Baroki kwa vyombo vya zama zake: fidla zenye nyuzi za utumbo, filimbi za mbao, vinanda vidogo. Alirekodi Mateso kadiri ya Yohane pamoja na kwaya ile ile ya wavulana iliyomlea Equiluz, na Equiluz akawa Mwinjili. Mwaka 1970 wakarudia kwa Mathayo.

Vyombo hivyo havivumi kama vya okestra ya kisasa, na katika sehemu za kusimulia hupungua mpaka kubaki kinanda na selo. Bach ameandika sauti za kupanda na kushuka pamoja na muda wa kila silabi, lakini mwimbaji halazimiki kufuata pigo la kuhesabu, kwa sababu mwendo unatoka katika sentensi. Zaidi ya hapo, Harnoncourt aliitetea desturi ya karne ya 18 ya kupiga kwa kifupi noti za besi zilizoandikwa ndefu. Kinanda hugusa, hunyamaza, na mwimbaji hubaki peke yake hewani, tena juu, karibu na kilele cha sauti ya teno. Kisha hukaa, kwaya na wengine huimba, naye huinuka tena na kuanzia huko huko juu kana kwamba hakuwa amenyamaza.

Msikilize Equiluz katika nafasi hiyo. Silabi nyepesi za Kijerumani huzipitia haraka kama mtu anayezungumza, akifika kwenye neno lenye uzito hukaa juu yake kidogo tu, kisha huliachia. Umati unapokaribia kuingia, sentensi yake ya mwisho hukaza mwendo, na kelele za kwaya hulipuka mahali pale pale alipoachia. Kuhani mkuu anapouliza, Mwinjili humpisha. Hagombanii nafasi na mtu yeyote.

Ndiyo maana mahali anapofunguka huumiza sana. Injili ya Yohane haisemi kwamba Petro alilia baada ya kumkana Yesu mara ya tatu. Bach aliyachukua maneno hayo kwa Mathayo, akayapachika, na juu ya tendo la kulia akaandika mstari mrefu unaojipinda kwa hatua ndogondogo, ukipanda na kuporomoka. Teno wengi huingiza kwikwi hapo. Equiluz haingizi. Huushika mstari kwa pumzi iliyopimwa, kila sauti mahali pake, na uchungu hutoka katika ule usahihi wenyewe. Msimulizi aliyejizuia kwa muda wote huo ameguswa na habari anayoisimulia, na kwa kuwa hakuwahi kutuomba machozi, tunamwamini.

Baadaye ilikuja kazi ndefu zaidi. Kuanzia mwaka 1971, Harnoncourt huko Vienna na Gustav Leonhardt huko Uholanzi walizitoa katika santuri kantata za kanisa za Bach, ambazo zilizobaki ni karibu 200, na mradi huo ulichukua takriban miaka 20. Equiluz ndiye teno anayerudi tena na tena katika mfululizo huo. Bach hakuwahurumia teno: nyingi za nyimbo alizowaandikia hukimbia kama sehemu ya fidla na hazitoi mahali pa kupumua. Alizikabili moja baada ya nyingine, huku akifundisha Graz na Vienna. Alifariki Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 93.

Anayetaka kumjua aanze na ile rekodi ya 1965. Afungue Biblia ya Kiswahili, Yohana sura ya 18, kwani Bach anaanzia mstari wa kwanza, aweke kidole kwenye maandishi na kufuata. Hata asiyejua Kijerumani ataona anajua yuko wapi, maana majina ya watu humfikia wazi, maswali husikika kuwa maswali, na mapumziko huangukia mwisho wa sentensi. Jogoo akishawika katika mstari wa 27, aruke hadi Mathayo 26:75, na hapo aache kusoma, asikilize tu.