Nuru na Maji Katika Picha: Kipimo cha Mto Ruvu

Mhakiki akitaka kuyasifu maji yaliyochorwa, aghlabu husema kwamba yang'aa kama kioo. Sifa hiyo yafaa kwa maji ya namna moja tu. Asimamaye penye daraja la Ruvu, wilayani Kibaha, siku za masika, haoni kioo. Aona maji ya rangi ya udongo, yaliyobeba mashapo tangu milima ya Uluguru, na anga haimo ndani yake ila vipande vidogo juu ya migongo ya mawimbi. Mwanafunzi apakaye mto huo rangi ya samawati hakuutazama. Amekumbuka kadi ya posta.

Kosa hilo halikutoka kwa mabingwa. Katika picha ya Claude Monet ya bandari ya Le Havre, ya mwaka 1872, jua la rangi ya chungwa halizidi anga kwa mwangaza. Picha hiyo ikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, jua lakaribia kutoweka. Lawaka kwa tofauti ya rangi peke yake. Ama mayungiyungi yake ya Giverny yamewapoteza wengi, kwa kuwa husahau kwamba bwawa lile alilichimbisha mwenyewe, baada ya kununua kiwanja chake mwaka 1893. Maji aliyoyachora alikuwa ameyatuliza kwanza. Ruvu haitulizwi na mtu. Mwalimu wake wa karibu zaidi ni Turner, ambaye katika picha ya 1844 ya gari moshi likivuka mto Thames mvuani, aliufanya mto, mvuke na anga kuwa kitu kimoja kizito, chenye nuru ndani yake wala si juu yake.

Nuru nayo ina mahali pake. Kibaha na Kisarawe ziko karibu digrii 7 kusini ya ikweta. Mapema mwezi wa Machi, na tena Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini, na kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Huko Giverny jambo hilo halitokei kamwe. Tena penye udongo mweupe wa Pugu, Kisarawe, nuru hurudi juu kutoka ardhini, ikaangaza kidevu kabla ya paji la uso. Mchoraji aliyefunzwa kuweka kivuli upande mmoja wa kila kitu atapata taabu hapo.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, amelaumiwa kwamba watu wake hawana vivuli. Lawama hiyo yapima kwa jua la kigeni. Lakini kumtetea kwa jua la ikweta peke yake ni kumpunguzia heshima, kwani hata picha yake ya 1956 ya watu wampelekeao bibi arusi pombe ya ndizi ni ya usiku. Alichagua.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Rangi hizo hung'aa zenyewe: mtazamaji akisogea, mng'aro nao husogea, kama ufanyavyo juu ya maji. Hapo nuru haikuchorwa, imepakwa. Ila mng'aro ule huangukia sawasawa chui, ndege na mto, hata maji yakakosa namna ya kujitenga na ngozi ya mnyama ayanywaye.