Anarkali Alivyoundwa kwa Vipande

Anarkali, mcheza ngoma wa kasri, anasimama mbele ya mfalme Akbar na kumwimbia usoni kwamba anampenda mwanawe, wala haogopi. Mfalme anainua macho darini. Kila kipande cha kioo kina sura ya binti huyo. Waliowahi kuiona Mughal-e-Azam, filamu ya K. Asif ya mwaka 1960, hawaachi kuvitaja vioo vile. Kwangu mimi, mwangwi wa wimbo ndio uliommaliza Akbar, na ulitengenezwa kabla ya picha.

Ilikuwa lazima utangulie. Katika Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti (1931), waigizaji waliimba wenyewe mbele ya kamera huku wapiga ala wakijificha nje ya picha, na hakuna aliyethubutu kusogea mbali na kipaza sauti. Mwaka 1935 studio ya New Theatres ya Calcutta ilibadili utaratibu katika Dhoop Chhaon: wimbo ukarekodiwa kwanza, kisha ukapigwa kwenye spika wakati wa kupiga picha, steringi akichezesha midomo tu.

Kwa hiyo Naushad, mtunzi wa muziki wa Mughal-e-Azam, alipaswa kuujaza kwa sauti ukumbi ambao watazamaji wangeuona baadaye. Yeye na mshairi Shakeel Badayuni walikesha wakiandika na kuchanachana hadi wakapata Pyar Kiya To Darna Kya. Mashine za mwangwi kama za leo hakuwa nazo, basi akamwingiza mwimbaji Lata Mangeshkar katika bafu la studio aimbie humo, kuta ngumu zimrudishie sauti. Sikiliza mwangwi unapokolea: ni pale maneno yanapodai kwamba penzi halifichiki, kwamba mpenzi anaonekana kila upande. Hapo hapo ndipo sura zinapojaa darini. Sikio na jicho vinapewa habari moja kwa wakati mmoja, na Akbar hana pa kugeukia.

Upande wa picha ulikuwa na mateso yake. Ukumbi wa vioo, Sheesh Mahal, ulijengwa ndani ya Mohan Studios, Bombay, futi 150 kwa 80 na kimo cha futi 35, na ulichukua miaka miwili. Mafundi wa vioo walitoka Firozabad. Taa zilipowashwa, kila kipande kikazirudisha moja kwa moja kwenye lenzi, na wataalamu wa kigeni wakasema haiwezekani kupiga picha humo. Vioo vikapakwa nta nyembamba. Mng'ao ukapungua kweli, lakini sura nazo zikafifia, na wimbo huu bila sura si kitu. Mpiga picha R. D. Mathur ndiye aliyelitatua tatizo: alitundika vitambaa mahali maalumu, akaelekeza taa kwenye vitambaa badala ya kwenye ukumbi. Mwanga uliodunda kwenye kitambaa hutua laini na kutawanyika, hauna kitovu kikali ambacho kioo kingekitupia lenzi. Ni ufumbuzi wa bei rahisi kupita vyote katika filamu iliyomwaga pesa kama ile!

Kuna pia kipande cha tatu: miguu. Baadhi ya mizunguko ya ngoma ya kathak ilichezwa na mwanamume aliyevaa kinyago cha sura ya Madhubala, mwigizaji wa Anarkali. Maana yake Anarkali anayemkaidi mfalme ana uso wa mtu mmoja, koo la mwingine na miguu ya wa tatu, na wimbo uliorekodiwa mapema ndio unaowashikamanisha, kwa kuwa wenye uso na miguu walifuata mapigo yale yale kutoka kwenye spika.

Rangi iliongeza kishindo. Sehemu kubwa ya filamu ni nyeusi na nyeupe; Asif alipoona wimbo huu ulivyotoka kwa rangi alitamani kurudia filamu nzima, wasambazaji waliochoka kungoja wakakataa. Walimsaidia bila kujua. Mtazamaji wa 1960 alikaa muda mrefu katika giza na kijivu, kisha ghafla ukumbi ukawaka. Toleo la 2004 lilitia rangi kila kitu, likalipunguzia tukio hili nguvu kabla halijaanza. Anayetaka kuipima kazi ya Mathur na Naushad atafute ile nakala ya zamani, na aisikilize kwa spika nzuri.