Kioo Cheusi cha Commodore 64

Commodore 64 iliingia sokoni mwaka 1982, na zinazoharibika mara nyingi huwa na ugonjwa mmoja: taa nyekundu inawaka, kioo cheusi tii. Fundi mwenye pupa huanza kung'oa chipu. Ninayemheshimu haigusi kompyuta kwanza, anapima adapta.

Adapta ya asili hutoa volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Kidhibiti chake kikichakaa, zile volti 5 huweza kupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu kimyakimya. Ukibadilisha chipu ukaiacha adapta hiyo, umeziua na mpya.

Ndipo anafungua bodi. Umeme unafika kwenye miguu ya chipu? Mapigo ya saa yapo, takriban milioni moja kwa sekunde? Halafu anatumia kidole. Chipu ya kumbukumbu inayochoma kuliko wenzake imejitaja yenyewe. Joto la PLA, chipu inayoamua nani ajibu anwani ipi, halithibitishi kitu, kwani hata ikiwa nzima huwa ya moto. Nayo ikifa, kioo ni kilekile cheusi. Hapo ndipo ugumu ulipo: dalili moja, watuhumiwa wengi.

Kinachonivutia zaidi ni katriji ya majaribio. Bodi za mwanzo zina chipu nane za kumbukumbu, na kila moja hubeba biti moja ya kila baiti. Ikifa moja tu, kompyuta nzima hupotea njia. Katriji hiyo hushika nafasi ya programu ya kuwashia na kufanya kazi bila kuitegemea kumbukumbu inayoipima. Ikikuta kasoro, kioo humemeta, na idadi ya mimemeto inataja chipu yenyewe. Aliyeibuni aliielewa mashine hii hadi kwenye mifupa.

Hata akishapata jina, fundi hana haraka na pasi ya kulehemu. Njia za shaba za bodi kuukuu hubanduka upesi, kwa hiyo anaikata miguu ya chipu mbovu na kuutoa mmoja mmoja, kisha analehemu soketi ili atakayefuata asilazimike kuichoma tena bodi. Maandishi yakitokea, baiti 38911 ziko huru, bado hafungi kifuniko. Anaiacha iwake muda mrefu, maana chipu dhaifu huweza kusubiri ipate joto ndipo ikosee.