Kaburi Lisilo na Mwili, Vita Visivyo na Pwani: Kupima Athari ya Kisiasa ya Filamu ya Das leere Grab

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna uhakiki unavyoweza kueleza athari ya kisiasa ya filamu kwa ushahidi. Mfano wake ni Das leere Grab (2024), filamu ya hali halisi ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay kuhusu familia za Tanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao waliouawa na dola ya Kijerumani. Makala inadai kwamba athari kuu ya filamu hiyo ni kuhamisha dai la haki kutoka kwa taifa kwenda kwa ukoo, wala si kuleta tamko la msamaha la mwaka 2023. Uhamisho huo una faida, lakini unaiacha nje pwani ya Kilwa na Lindi, ambako Vita vya Majimaji vilianzia.

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa filamu za Afrika Mashariki, dai kwamba filamu fulani imeleta mabadiliko hutolewa mara nyingi kuliko linavyothibitishwa. Mhakiki huitazama filamu, hulitazama tukio la kisiasa lililo karibu nayo, kisha huviunganisha kana kwamba ukaribu wa wakati ni sababu tosha. Insha ya aina hiyo huishia kuisifu filamu kwa kazi iliyofanywa na wengine, na kuinyima sifa ya kazi iliyoifanya yenyewe.

Mfano wa Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper unafaa kuwa kipimo. Filamu hiyo ilihusu sangara wa Ziwa Viktoria, jiji la Mwanza, na ndege zilizobeba minofu kwenda Ulaya, na mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zilizowania tuzo ya Oscar. Mwishoni mwa Julai 2006, Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani katika hotuba yake kwa taifa, na mwezi uliofuata kukawa na maandamano Mwanza ya kuipinga. Hapa mfuatano hauna utata: dola ilijibu filamu, na iliitaja. Hata hivyo, mjadala uliozuka nchini haukuwa ule uliokusudiwa na mwongozaji. Swali la nani ananufaika na samaki lilipisha swali la nani ana haki ya kuionesha Tanzania kwa sura ile. Athari ilikuwepo, tena kubwa, ila ilielekea upande mwingine.

Kutokana na mfano huo, makala hii inatumia vigezo vitatu: mfuatano wa matukio, yaani kipi kilitangulia kipi, mabadiliko ya mdai, yaani nani anaruhusiwa kusema baada ya filamu ambaye hakusikika kabla yake, na mpaka wa athari, yaani nani asiyefikiwa nayo.

2. Mfuatano wa matukio

Das leere Grab, jina ambalo kwa Kijerumani lina maana ya kaburi lisilo na kitu ndani, ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwezi Februari 2024. Inafuata familia mbili. Ya kwanza ni ya Mbano wa Songea, wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Ya pili ni ya Kaaya wa Meru, wazao wa Mangi Lobulu, aliyenyongwa mwaka 1900, miaka mitano kabla ya vita hivyo. Kinachoziunganisha ni imani kwamba sehemu ya mwili wa mzee wao ilichukuliwa kupelekwa Ujerumani, na kwamba maziko hayajakamilika.

Tarehe mbili zinapaswa kuwekwa kando ya uzinduzi huo. Mnamo Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya Prussia mjini Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vilionesha uhusiano kati ya baadhi ya mafuvu yaliyomo katika hifadhi zake na jamaa walio hai nchini Tanzania. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na familia ya Mbano, na katika Makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wa watu wa pale. Matukio yote mawili yalitangulia uzinduzi.

Kwa hiyo kusema kwamba filamu ilizaa msamaha ni kosa la mantiki. Ziara ya Steinmeier imo ndani ya filamu. Ni sehemu ya kinachosimuliwa, na haiwezi wakati huohuo kuwa tokeo la usimulizi. Pengine yuko atakayejibu kwamba uwepo wa kamera wakati wa kutayarisha filamu ulikuwa shinikizo tosha. Hoja hiyo inawezekana, lakini inahitaji ushahidi wa mawasiliano kati ya watayarishaji na ofisi husika, na mfuatano wa tarehe peke yake hauutoi. Kinachoweza kudaiwa kwa uhakika ni kidogo zaidi, na huenda kina uzito zaidi: filamu ililikuta tamko limekwisha kutolewa, ikalifanya lisihesabike kuwa mwisho wa shauri.

3. Kutoka taifa hadi ukoo

Kwa miongo mingi, kumbukumbu ya Majimaji nchini Tanzania ilikuwa mali ya taifa. Mradi wa utafiti wa Majimaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa mwaka 1968 na 1969, pamoja na kazi za G. C. K. Gwassa na John Iliffe, ulivikusanya vita hivyo katika simulizi moja ya umoja wa makabila dhidi ya ukoloni. Tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein ilitoka katika hali hiyohiyo, ingawa mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Katika simulizi hiyo waliokufa ni mashujaa, na warithi wa mashujaa ni raia wote.

Das leere Grab inabadilisha nomino ya msingi. Badala ya shujaa kuna babu. Badala ya mnara kuna kaburi. Badala ya raia kuna mjukuu. John Mbano, mwanasheria, na mkewe Cesilia Mollel, mwalimu, hawadai kwa niaba ya jamhuri. Wanadai kama watu wenye maziko yasiyokamilika. Mabadiliko haya ni ya kisiasa kwa maana kamili ya neno, kwa sababu yanaiondolea serikali, ya huku na ya kule, nafasi ya kulimaliza jambo baina yao kwa waraka wa ushirikiano wa kitamaduni. Taifa linaweza kukubali mradi wa maonesho badala ya fuvu. Ukoo hauwezi kukubali kitu badala ya babu.

Hii ndiyo athari ambayo uhakiki unaweza kuithibitisha kutoka ndani ya filamu yenyewe. Imempa mdai sura, jina na uhusiano wa nasaba, mambo ambayo lugha ya ushujaa wa kitaifa haikuyahitaji.

4. Pwani iliyobaki nje

Kigezo cha tatu ndicho kigumu zaidi. Vita vya Majimaji havikuanzia Songea. Vilianzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi, Kilwa, mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijafika Ungoni. Aidha, kunyonga viongozi pwani hakukuanza mwaka huo: Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwezi Novemba 1895, na mwembe wa kunyongea ukabaki katika kumbukumbu za mji kwa jina la Mwembe Kinyonga.

Hivyo haiwezi kusemwa kwamba pwani haikufuatwa kwa kukosa majina. Majina yapo. Tofauti iko katika mahali kumbukumbu ilipowekwa. Songea na Meru, kama filamu inavyozionesha, zimeiweka katika mwili unaotafutwa. Kilwa imeiweka katika mahali: mti, kilima, mnara wa Nandete. Lindi imeiweka katika neno. Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi aliyeishi Lindi, alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, ambao A. Lorenz aliuchapisha nchini Ujerumani mwaka 1933, na W. H. Whiteley akautoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Mtazamo wa utenzi huo kwa wapiganaji si wa kuwasifu tu, na ndiyo maana haukupata nafasi ya mbele katika kumbukumbu ya kitaifa. Hata hivyo, ni ushahidi wa Kiswahili kutoka kwa mtu wa pwani ileile.

Liko pia suala la idadi. Makadirio ya Kijerumani yalitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakufa kwa kamba wala kwa risasi. Walikufa kwa njaa baada ya vijiji, mashamba na maghala kuchomwa. Aliyekufa kwa njaa Umatumbi hakuandikwa katika daftari la makumbusho, wala hakuna fuvu lenye namba ambalo mjukuu wake angeweza kulipima. Siasa inayomtaka mdai alete babu mwenye jina na mfupa wenye namba haina nafasi ya kumsikiliza mjukuu huyo. Filamu haikuitunga siasa hiyo, bali imeipa mvuto, na mhakiki anapaswa kulisema hilo bila kuipunguzia filamu heshima yake.

Mkoa wa Lindi una mifupa mingine iliyokwenda Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache baada ya vita, wapagazi walibeba kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi shehena za visukuku vya dinosaria, na mmoja wao husimama mpaka leo katika makumbusho ya elimuviumbe ya Berlin. Mifupa hiyo haina ukoo. Ikiwa dai la kurejeshwa litategemea nasaba pekee, Tendaguru haina mdai. Ikiwa litategemea mahali, Lindi nzima ni mdai. Mfano huu unaonesha kwa nini ni hatari kuliacha suala zima la urejeshaji litawaliwe na hoja moja, hata ikiwa hoja hiyo ina haki.

5. Lugha ya radhi

Mpaka wa athari unaonekana pia katika lugha. Tamko la Songea lilitolewa kwa Kijerumani, na linapohamishiwa Kiswahili linadai mtendwa. Katika kitenzi ninawaomba, kiambishi -wa- kinalazimisha swali: ni akina nani? Jibu la filamu ni familia. Jibu la itifaki ni Watanzania. Watu wa Nandete wanaweza kuingizwa katika jibu la pili, lakini hawamo katika la kwanza.

Uteuzi wa nomino nao una siasa yake. Msamaha unaweza kuombwa na mtu wa daraja lolote. Radhi, katika matumizi ya Kiswahili, hubeba pia maana ya ridhaa ya wazazi, kama katika kauli radhi za wazazi. Anayeiomba hujiweka katika nafasi ya mtoto mbele ya mkubwa aliyeudhika, na mkubwa huyo ana hiari ya kuizuia. Fidia ni neno la tatu, linalomtaka mkosaji atoe kitu. Serikali inaweza kutembea katika maneno mawili ya kwanza bila kulikanyaga la tatu. Insha inayochambua athari ya kisiasa ya filamu hii inapaswa kuonesha ni neno lipi linatamkwa na nani, na kwa nani, kabla ya kuyachanganya yote chini ya jina la upatanisho.

Pwani ina istilahi nyingine inayotoa changamoto kwa kichwa cha filamu. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani, maiti asiyekuwepo anaweza kusaliwa sala ya ghaibu. Mwili kutokuwepo hakuzuii ibada. Kwa mtazamo huo kaburi tupu si lazima liwe jambo lililokwama. Wajibu wa walio hai unaweza kutimizwa na deni la mkosaji likabaki palepale. Filamu inafunga pamoja maziko na haki, kiasi kwamba moja likikosekana na jingine hukosekana. Desturi ya pwani inaruhusu kuyatenganisha, na kwa hiyo inaruhusu dai lisilosubiri mfupa. Jamii inaweza kuwa imekwisha kuwasalia wafu wake na bado ikadai.

6. Hitimisho

Kwa vigezo vitatu vilivyotumika, athari ya kisiasa ya Das leere Grab inaweza kuelezwa hivi. Haikuleta msamaha wa Novemba 2023, kwa kuwa uliitangulia. Ilimweka mwanaukoo mahali palipokuwa pa taifa, na hivyo ikafanya iwe vigumu kwa serikali kulifunga shauri kwa tamko. Kwa njia hiyohiyo, iliacha nje ya dai wale ambao wafu wao hawakukusanywa, wengi wao wakiwa watu wa Kilwa na maeneo jirani ya Lindi, ambako vita vilianzia.

Katika tamthilia ya Hussein, Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu anajua adui atalitumia tamko hilo dhidi ya vizazi vitakavyofuata. Hoja yake ni kwamba neno likishatoka huendelea kutenda kazi pasipokuwepo msemaji wake. Athari ya filamu nayo ipimwe kwa namna hiyo, yaani kwa kazi inayoendelea kufanywa na maneno yake. Kazi iliyobaki kwa wahakiki na watengenezaji wa filamu ni kutafuta namna ya kuisimulia njaa ya Umatumbi, ambayo haikuacha fuvu la kudai, kabla urejeshaji wa mafuvu haujachukuliwa kuwa malipo ya vita vyote.